Metali Haiungui: Saruji Yenye Taka za Viwandani Ipimwe kwa Maji

Kwenye mfuko wa saruji wa kilo 50 mnunuzi husoma mambo machache: jina la kiwanda, aina ya saruji, na namba ya nguvu, ambayo aghalabu ni 32.5 au 42.5. Namba hiyo humtosha fundi, kwa kuwa inamweleza uwezo wa saruji kubeba mzigo baada ya siku 28. Haimwelezi kilichochomwa tanuruni ili saruji hiyo ipatikane, wala kilichosagwa pamoja nayo baadaye. Zamani swali hilo halikuwa na uzito mkubwa, maana jibu lake lilijulikana: mawe ya chokaa, udongo, makaa ya mawe na jasi kidogo. Leo jibu linaweza kuwa matairi, mafuta machafu ya mitambo, tope la viwandani, jivu la mitambo ya umeme au mabaki ya kuyeyushia chuma. Sisemi kwamba kutengeneza saruji kwa taka hizo ni kosa. Mara nyingi ni jambo jema. Kosa ni kuiuza bila kupima ni metali gani nzito zinazotoka ndani yake inapokutana na maji, katika umri wake wote, tangu ikiwa ukuta wa tangi hadi itakapokuwa kifusi.

Tuanze na sababu ya taka kuingia kiwandani, maana si sababu ya kupuuza. Saruji hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa na udongo ndani ya tanuru refu linalozunguka, hadi nyuzi 1,450 za Selsiasi, ambapo mchanganyiko huanza kuyeyuka na kushikana kuwa mabonge magumu yanayoitwa klinka. Klinka ikisagwa na jasi ndiyo saruji ya Portland, iliyopewa hataza Uingereza mwaka 1824. Dunia sasa hutengeneza takriban tani bilioni 4 za saruji kwa mwaka, na kazi hiyo hutoa kati ya asilimia 7 na 8 ya hewa ya ukaa inayosababishwa na binadamu. Sehemu kubwa ya hewa hiyo, takriban asilimia 60, haitoki kwenye moto. Hutoka ndani ya jiwe la chokaa lenyewe linapopasuliwa na joto. Kwa hiyo kiwanda kinachotaka kupunguza hewa ya ukaa hakina budi kupunguza klinka, na hapo ndipo taka hupata nafasi. Huingia kwa milango mitatu: ya kwanza kama nishati badala ya makaa ya mawe, ya pili kama malighafi badala ya udongo au madini ya chuma, na ya tatu kama unga unaosagwa pamoja na klinka iliyokwisha kuiva. Milango miwili ya kwanza hupitia motoni. Wa tatu haupiti motoni kabisa; kilichomo ndani ya jivu au mabaki ya chuma huingia mfukoni kama kilivyo.

Ndimi za moto wa tanuru la saruji hufikia nyuzi 2,000, na watetezi wa utaratibu huu husema kweli wanapousifu. Moto huo huvunja mafuta, rangi, plastiki na viuatilifu hadi visitambulike tena, jambo ambalo jalala linalofuka moshi kando ya mji haliwezi kulifanya. Lakini metali ni elementi. Haina kitu kidogo zaidi cha kuvunjikia. Gramu moja ya risasi inayoingia tanuruni itatoka ikiwa gramu moja ya risasi. Kinachobadilika ni mahali ilipo na sura iliyovaa. Zebaki hupaa na moshi, ndiyo maana Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 umevitaja viwanda vya klinka miongoni mwa aina tano za vyanzo vya zebaki ya hewani vinavyopaswa kudhibitiwa. Thaliamu, kadimiamu na sehemu ya risasi hugeuka mvuke, kisha hupoa na kung’ang’ania vumbi. Kromiamu, nikeli, vanadi na sehemu kubwa ya arseniki hubaki ndani ya klinka. Kwa kromiamu kuna jambo la ziada: joto, oksijeni na alkali za tanuruni huweza kuigeuza kutoka umbo lisilo na madhara makubwa hadi kromiamu sita, umbo linaloyeyuka majini, linalodhuru ngozi na linaloweza kusababisha saratani likivutwa kwa pumzi.

Mji wa Lengerich, magharibi mwa Ujerumani, ulilijua hili mwaka 1979. Kiwanda cha saruji cha hapo kilikuwa kikiongeza chuma katika malighafi yake kwa kutumia mabaki ya kuchomea madini ya piriti. Yalikuwa mabaki rahisi kupatikana na yenye chuma kilichohitajika, ila yalibeba pia thaliamu, ambayo hakuna aliyeiulizia. Thaliamu ilipaa na vumbi, ikatua juu ya bustani za majirani, ikaingia kwenye mboga na matunda, na wakazi wakaonywa wasile walichokipanda. Miaka 35 baadaye, katika bonde la Görtschitztal nchini Austria, chokaa chafu iliyofukuliwa kutoka dampo la zamani ilipelekwa kiwanda cha saruji ili sumu yake iungue. Sumu ile, heksaklorobenzini, si metali na kwa kanuni ingeungua, lakini haikupita penye joto la kutosha. Mwaka 2014 ikagunduliwa ndani ya malisho na maziwa ya ng’ombe. Visa vyote viwili vilitokea katika nchi zenye maabara, wakaguzi na sheria kali. Vinatufundisha kwamba tanuru haliisafishi taka kwa kuwa tu lina moto. Ni lazima mtu ajue taka ina nini, inaingizwa wapi, na kinachotoka kinakwenda wapi.

Ipo hoja kubwa ya upande wa pili, na haki ni kuieleza kwa nguvu zake zote. Saruji ikichanganywa na maji hujenga utando mzito wa kalsiamu na silika unaoziteka metali na kuzifungia ndani yake. Ufungaji huo ni mzuri kiasi kwamba wahandisi huitumia saruji makusudi kuigandisha taka hatari kabla ya kuizika. Mwaka 2014 Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani lilichapisha tathmini ya zege lililotengenezwa kwa jivu la makaa ya mawe, likahitimisha kwamba kinachotoka ndani yake kinalingana na kinachotoka katika zege la kawaida au ni pungufu, na likaunga mkono matumizi hayo. Nchi hiyohiyo ilikuwa imeona kisa cha kinyume: Desemba 2008, huko Kingston, Tennessee, bwawa la jivu la makaa ya mawe lilibomoka na kumwaga mamilioni ya mita za ujazo za tope juu ya ardhi na mto. Jivu lililofungwa ndani ya daraja ni salama kuliko jivu lililorundikwa kando ya mto. Kwa hiyo msomaji asiogope ukuta wa sebule yake. Zege kavu, zima, lililokomaa, halimpi sumu anayeliegemea.

Lakini tuangalie kwa makini kilichothibitishwa. Tathmini ile ilihusu jivu la makaa ya mawe la nchi moja, likiwa limefungwa ndani ya zege. Haikuhusu tope la viwanda vya ngozi, vumbi la tanuri za chuma chakavu, wala majivu ya kuchomea takataka za mji. Neno taka halitaji kitu kimoja. Maganda ya kahawa, ambayo kiwanda cha Hima nchini Uganda kimeyatumia kama nishati, hayafanani na mafuta machafu. Tairi lina zinki, na tope la ngozi lina kromiamu. Isitoshe, kifungo chenyewe kina masharti. Maji yaliyomo ndani ya vinyweleo vya zege jipya ni makali sana kwa alkali, yakiwa na pH ya 12 hadi 13. Kadiri miaka inavyopita, zege hunyonya hewa ya ukaa kutoka angani, na ukali huo hushuka hadi karibu na 9. Mabadiliko hayo hayazigusi metali zote kwa namna moja. Risasi huyeyuka zaidi katika alkali kali sana, kwa hiyo uzee wa zege huituliza. Kromiamu sita hukaa ndani ya fuwele ambazo hewa ya ukaa huzibomoa, kwa hiyo uzee wa zege huweza kuifungulia. Kinachoifunga metali moja huifungulia nyingine, na kipimo kimoja kilichofanywa siku moja juu ya zege jipya hakiwezi kuzisemea zote.

Hapo ndipo aina ya kipimo inapokuwa na maana. Kuna kipimo cha Kimarekani kinachojulikana sana, ambapo sampuli iliyosagwa hutikiswa kwa saa 18 ndani ya tindikali hafifu ya siki. Kilibuniwa kujibu swali moja: taka hii ikizikwa dampo pamoja na takataka za majumbani, itatoa nini? Ni swali la haki, lakini si swali la mama anayechota maji kwenye tangi la zege. Uholanzi, nchi ambayo maji ya ardhini yako karibu sana na uso wa dunia, iliuliza swali lingine. Sheria yake ya vifaa vya ujenzi, iliyoanza kutumika mwaka 1999 na kuingizwa katika amri ya ubora wa udongo mwaka 2008, inatazama kinachotoka ndani ya kifaa na kuingia ardhini na majini. Kipimo chake cha bonge zima hulizamisha bonge hilo majini kwa siku 64, maji yakibadilishwa mara nane na kila mara yakipimwa. Sisi wa pwani tunafanana na Waholanzi katika jambo hili. Wakazi wengi wa Unguja, Mombasa na Dar es Salaam hutumia visima ambavyo maji yake hayako mbali chini, na penye mawe ya matumbawe maji hupenya upesi mno. Tuna kila sababu ya kuuliza swali walilouliza wao.

Mtu anaweza kusema kwamba maji kunyonya kitu kutoka kwenye saruji ni jambo la nadharia. Kisiwa cha Curaçao, katika bahari ya Karibi, kinatoa jibu zito. Mwaka 1996 bomba jipya la maji lililopakwa plasta ya saruji kwa ndani liliunganishwa na mfumo uliohudumia kituo cha kusafishia damu ya wagonjwa wa figo. Maji ya kisiwa hicho yalitoka baharini yakiwa yameondolewa chumvi, na maji ya namna hiyo, yasiyo na madini, huwa na kiu ya kuyachukua popote yanapoyapata. Yalichukua aluminiamu kutoka kwenye plasta. Wagonjwa 10 kati ya 27 walifariki. Lazima nitoe tahadhari: aluminiamu si metali nzito, saruji ile haikusemwa kuwa ya taka, na mgonjwa wa figo hudhurika na kiasi kisichomdhuru mtu mzima wa afya. Lakini njia ni ileile. Na maji ya mvua ni ndugu wa maji yale: hayana madini, yana uchachu kidogo, na katika maelfu ya shule, zahanati na nyumba zetu hukaa kwa miezi ndani ya matangi yaliyojengwa kwa zege au kupigwa plasta ya saruji. Shirika la Afya Duniani linapendekeza risasi isizidi mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa, arseniki 10, na kadimiamu 3. Mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kwa viwango vidogo namna hiyo, kukisia hakufai, panahitajika kupima.

Baada ya tangi kuna kifusi. Jengo halidumu milele, na likibomolewa, bonge lililokuwa na uso mdogo hugeuka vipande na vumbi vyenye uso mkubwa mara nyingi zaidi wa kulowana. Katika miji yetu kifusi hakitupwi, ni bidhaa. Huuzwa kwa lori kujazia viwanja vya mabondeni, kuziba mashimo ya barabara za mitaani, na kuinua sakafu za nyumba zinazoingiliwa na mafuriko. Kwa hiyo zege letu huishia mahali penye maji mengi zaidi, likiwa katika hali inayotoa metali kwa urahisi zaidi, na likiwa limekwisha kuzeeka. Hata kama ukuta mzima ni salama, sheria inayoishia ukutani imeishia njiani.

Wanaosema hatari hii bado ni ya kufikirika wamesahau wafanyakazi wa ujenzi. Kromiamu sita iliyomo ndani ya saruji imekuwa ikiwaletea mafundi ugonjwa wa ngozi kwa miongo mingi: mikono hupasuka, huwasha na kutoa majimaji, na aliyekwisha kupata mzio huo huweza kulazimika kuiacha kazi. Kromiamu hiyo hutoka pia kwenye malighafi za asili na matofali ya ndani ya tanuru, si kwenye taka peke yake. Denmark iliamua mwaka 1983 kwamba saruji yake iongezwe salfeti ya chuma, unga wa bei nafuu unaoirudisha kromiamu katika umbo lake tulivu, na ugonjwa ukapungua. Umoja wa Ulaya ulifuata, na tangu Januari 2005 saruji yenye zaidi ya miligramu 2 za kromiamu sita inayoyeyuka kwa kila kilo haiuzwi huko kwa kazi za kushikwa na mikono. Zaidi ya hapo, kwa kuwa dawa hiyo hupungua nguvu kadiri saruji inavyokaa ghalani, mfuko hulazimika kuonesha tarehe ya kufungwa na muda ambao dawa hiyo inafanya kazi. Hili linajibu hoja ya wanaodai kwamba habari za kemia hazina mahali kwenye mfuko wa saruji. Zinapo, na huko Ulaya zimekuwapo tangu mwaka 2005.

Kiwango cha Afrika Mashariki cha saruji, EAS 18-1, kimetokana na kile cha Ulaya, EN 197-1. Ni kiwango kizuri kwa kazi kilichoandikiwa: kutaja aina za saruji, nguvu zake, muda wa kushika, na kiasi cha salfeti na kloridi. Lakini Ulaya haikitumii kikiwa peke yake. Nyuma yake zipo sheria za kemikali, za moshi wa viwanda, za taka na za maji ya ardhini. Anayekopa kiwango bila kukopa sheria zinazokizunguka amekopa nusu ya ulinzi.

Najua pingamizi zitakazofuata. Ya kwanza ni kwamba hata udongo na mawe ya chokaa yana metali. Ni kweli, na ndiyo maana nasema ipimwe saruji yenyewe badala ya kuhukumiwa kwa asili yake. Jivu safi litafaulu, na udongo mchafu utashindwa. Ya pili ni kwamba masharti yatapandisha bei ya mfuko. Sampuli chache kwa kila shehena ya maelfu ya tani haziwezi kulinganishwa na gharama ya kusafisha ardhi iliyokwisha kuchafuka. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliochafuliwa na risasi ya kiwanda cha betri chakavu, waliamuliwa na mahakama mwaka 2020 kulipwa shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Hakuna kiasi cha fedha kitakachoitoa risasi ndani ya mifupa ya mtoto. Ya tatu ni tabianchi: kwamba kuibana saruji ya taka ni kurudi kwenye klinka tupu. Hapana. Milima ya volkano ya Mbeya, Bonde la Ufa la Kenya na Rwanda vina majivu ya asili ambayo viwanda vyetu hupunguzia klinka, na taka iliyopimwa ikafaulu inakaribishwa. Ya nne ni kwamba taka ikikataliwa kiwandani itaishia jalalani. Huenda, lakini jalala tunalijua lilipo. Taka iliyosagwa ikaingia katika mifuko milioni moja imesambaa katika nyumba milioni moja, na hakuna awezaye kuiita irudi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sumu bila daftari nayo husambaa bila habari.

Yanayotakiwa yanawezekana. Kiwanda kinachotumia taka kitangaze imetoka wapi na ina metali gani, na kikatae taka ambayo haijulikani ina nini, kama miongozo ya mwaka 2011 ya Mkataba wa Basel, unaohusu taka hatari, inavyoelekeza. Mipaka ya bandari ilindwe kwa Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991, ili taka hatari ya ng’ambo isiingie Afrika kwa kubadilishwa jina ikaitwa malighafi. Mashirika ya viwango, TBS la Tanzania, KEBS la Kenya na wenzao, yaweke kikomo cha metali ndani ya klinka, kama China ilivyofanya mwaka 2014, na kikomo cha miligramu 2 za kromiamu sita kwa kilo. Pale ambapo kipo, wakitangaze na kukisimamia. Saruji ipimwe ndani ya maji katika hali tatu: ikiwa bonge jipya, ikiwa imezeeshwa kwa hewa ya ukaa, na ikiwa imevunjwa kuwa kifusi, matokeo yachapishwe kwa jina la bidhaa. Na saruji ya kujengea matangi na mabomba ya maji ya kunywa iwe na alama yake mfukoni, isichanganywe na taka yoyote ambayo haijafaulu kipimo hicho.

Hadi hayo yafanyike, anayejenga tangi la maji ya mvua la shule, zahanati au nyumba yake amuulize muuzaji, na muuzaji akiulize kiwanda: saruji hii imetengenezwa kwa nini, na imepimwa majini na nani? Kiwanda kilichopima kitajibu kwa karatasi. Kisichoweza kujibu kisiruhusiwe kuuza saruji ya kuhifadhia maji ya watoto.